Vumbi la makumbi ya nazi lafaa kitaluni, lakini lioshwe kwanza

MNAZI haustawi katika baridi ya Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nazi zinazouzwa katika masoko yake hufika kutoka Pwani zikiwa zimekwisha kufuliwa, na makumbi hubaki huko huko zilikoangushwa. Makumbi yenyewe husafiri kwa njia nyingine: husagwa, hukaushwa na kushindiliwa yakawa tofali, ambalo wauza pembejeo huliita kokopiti.

Kwa mkazi wa kata ya mjini kama Mlandege, ambaye shamba lake huenda ni ndoo chache na trei mbili za miche ya nyanya uani, tofali hilo lina manufaa. Lina hatari pia, nayo haionekani kwa macho.

Kumbi lina vitu viwili. Kuna nyuzi, yaani usumba, zinazosokotwa kamba; katika vijiji vya mashariki mwa Unguja, kama Paje na Jambiani, wanawake hufukia makumbi katika mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha huyafukua na kuyaponda ili kupata nyuzi hizo. Katikati ya nyuzi kuna vumbi la kahawia, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa takataka tu. Wakulima wa bustani wa Uingereza walilijaribu katika karne ya 19, likasahaulika, na likarejea kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20 wakati mboji ya vinamasi ilipoanza kulalamikiwa kwa kuharibu mazingira. India na Sri Lanka ndizo zinazoongoza kuliuza nje.

Sifa yake kubwa ni maji. Vumbi hilo huweza kushika maji mara kadhaa ya uzito wake, na bado likaacha nafasi ya hewa kwa mizizi. Halishikamani kama udongo wa mfinyanzi, na likiwa jipya ni nadra kuwa na vimelea vya mnyauko vinavyojificha katika udongo uliokwisha kulimwa nyanya. Hilo si jambo dogo katika mkoa ambao nyanya, hasa za Ilula wilayani Kilolo, ni riziki ya kaya nyingi.

Hatari ni chumvi. Mnazi wa Pwani huhifadhi chumvi katika makumbi yake, na makumbi yaliyolowekwa katika maji ya bahari huongeza nyingine. Mbegu ikisiwa humo bila vumbi kuoshwa, hushindwa kuota, au mche huchipua na kuungua ncha za majani. Mkulima hulaumu mbegu. Dawa yake ni kulowesha tofali hadi lifumuke lote, kukamua, kumwaga maji na kurudia mara kadhaa kwa maji safi. Asiye na kipimo apande kwanza mbegu chache za mchicha katika kikopo. Zikichipua vizuri, kazi iendelee.

Vumbi hilo pia hunasa kalsiamu, na nyanya iliyopungukiwa kalsiamu huoza kitako. Ndiyo sababu wazalishaji wakubwa hulilowesha kwanza katika maji yenye naitreti ya kalsiamu. Chakula kingine humo ni kidogo mno, hivyo mche ukishatoa jani la kweli la kwanza huhitaji mbolea nyepesi ya maji.

Bei nayo ina neno lake. Tofali linalosafirishwa takriban kilometa 500 kutoka Dar es Salaam halifai kujazia matuta. Mahali pake ni trei, ambamo kiasi kidogo hutosha miche mingi. Kwa ndoo na matuta, Iringa ina pumba za mpunga wa Pawaga, zikiunguzwa nusu na kuchanganywa na udongo wa msituni na samadi iliyooza.

Miezi ya Juni na Julai inataka uangalifu zaidi. Vumbi hukauka juu likabaki limelowa chini, na anayemwagilia kwa kutazama rangi tu hukaribisha kinyausi. Afadhali trei inyanyuliwe mkononi: ikiwa nzito, maji yangalimo.

Vumbi lililotumika huweza kuchanganywa katika udongo wa bustani, isipokuwa lile lililokuwa na miche iliyonyauka. Hilo lisirudishwe penye nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo, kwani mnyauko wa bakteria hushambulia mazao hayo yote.