Bima Iliyong'ang'anizwa: Historia ya PPI Nchini Uingereza

Kati ya Januari 2005 na Desemba 2007, benki ya Alliance & Leicester ya Uingereza iliwauzia kwa simu waombaji wa mikopo binafsi bima zipatazo 210,000. Kwa wastani, kila bima iligharimu pauni 1,265. Mkopaji aliyeuliza bima hiyo imeingiaje kwenye hesabu yake, au aliyesema haitaki, hakuachwa aamue mwenyewe. Mfanyakazi aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa amefundishwa namna ya kumbana. Oktoba 2008, Mamlaka ya Huduma za Fedha, FSA, iliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 7.

Haikuwa benki moja tu. Bima hiyo ya kulinda marejesho ya mkopo, iliyojulikana kwa herufi tatu PPI, iliuzwa na karibu kila taasisi kubwa ya mikopo nchini humo. Bima zipatazo milioni 64 ziliuzwa, nyingi kati ya mwaka 1990 na 2010, na nyingine za nyuma zaidi, katika miaka ya 1970. Ziliambatanishwa na mikopo ya nyumba, mikopo binafsi, kadi za mkopo na hata samani zilizonunuliwa kwa awamu.

Wazo lenyewe lilikuwa jema. Mtu akiugua, akiumia au akipoteza kazi, bima inamlipia marejesho kwa muda, na akifariki deni halibaki kwa jamaa zake. Familia yenye mshahara mmoja ingeweza kuokolewa na bima ya namna hiyo. Ubaya ulikuwa katika namna ilivyouzwa, na wakati ilipouzwa.

Mwenye kuomba mkopo huwa na shida inayomsubiri. Amekaa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana, na mtu huyohuyo ndiye anayemwekea bima mezani. Kwa kawaida bima hiyo ilikuwa ya hiari, lakini wengi waliamini kwamba wakiikataa watanyimwa mkopo, na wengine waliambiwa hivyo waziwazi. Kuna waliotajiwa rejesho la mwezi ambalo tayari lilikuwa na bima ndani yake, wakatia saini bila kujua wamenunua vitu viwili. Wafanyakazi nao walikuwa na malengo ya mauzo na bonasi, kwa hiyo kumwacha mteja aondoke na mkopo mtupu kuliwagusa mfukoni.

Aina iliyoumiza zaidi ni ile iliyolipwa yote kwa mkupuo mwanzoni. Mkopaji hakutoa fedha taslimu. Ada ya bima iliongezwa juu ya mkopo. Tuseme mtu amekopa pauni 5,000 na bima ni pauni 1,000. Deni lake lilianza kuhesabiwa kwenye pauni 6,000, na riba ikatozwa juu ya zote, bima ikiwemo. Akilipa deni mapema, alirudishiwa sehemu ndogo tu ya ada hiyo. Na kuna waliolipia kitu ambacho kisingewasaidia hata siku moja: waliojiajiri, wastaafu, wenye maradhi ya zamani ambayo mkataba uliyatenga kwa maandishi madogo. Maumivu ya mgongo na msongo wa mawazo, mambo yanayowatoa watu wengi kazini, mara nyingi hayakulipiwa.

Benki ziling'ang'ania kwa sababu faida ilikuwa huko. Riba ya mkopo ilitangazwa magazetini na watu waliilinganisha, hivyo ilibidi ishuke. Bei ya bima haikulinganishwa na yeyote, maana mteja aliisikia akiwa ameshakaa kutia saini.

Walioligundua tatizo mapema ni washauri wa Citizens Advice, shirika la hisani ambalo wananchi wa kawaida hulikimbilia wakizidiwa na madeni na mikataba. Faili za wateja wao zilijaa bima zilizokataa kulipa. Septemba 2005 walitumia nafasi ambayo sheria ya mwaka 2002 inayapa mashirika machache ya watumiaji, wakapeleka malalamiko rasmi ambayo Ofisi ya Biashara ya Haki ililazimika kuyajibu ndani ya siku 90. Mwaka 2007 suala likafika kwa Tume ya Ushindani, na Januari 2009 tume ikatoa uamuzi uliogusa kiini chenyewe: anayekopesha asiuze bima siku ile ile anayotoa mkopo. Zipite siku 7 kwanza, mteja apumue, aulize bei kwingine.

Benki ya Barclays ilikata rufaa. Baraza la rufaa likairudishia tume suala hilo ilipime upya, tume ikashikilia msimamo wake Oktoba 2010, na marufuku yakaanza kazi Aprili 2012. Kutoka malalamiko ya kwanza mpaka siku hiyo ilipita zaidi ya miaka 6. Ucheleweshaji huo hauna utetezi. Watu waliendelea kulipa huku mawakili wakibishana juu ya usumbufu ambao mteja angeupata akinyimwa kununua bima papo hapo.

Wakati huohuo FSA ilikuwa imepiga marufuku bima ya mkupuo kwenye mikopo binafsi mwaka 2009, na Agosti 2010 ikaziagiza benki zishughulikie upya malalamiko ya zamani kwa haki. Chama cha mabenki kikaenda Mahakama Kuu kupinga, kikidai wanachama wake wanahukumiwa kwa kanuni ambazo hazikuwepo walipouza. Tarehe 20 Aprili 2011 jaji alilitupa shauri hilo. Wiki mbili baadaye Lloyds, chini ya mkurugenzi mpya António Horta-Osório, ilijitoa kwenye vita na kutenga pauni bilioni 3.2 za fidia. Siku chache baada ya hapo chama chote kikasalimu amri.

Hapo ndipo wananchi walipoanza kuandika barua za madai kwa wingi. Mwandishi wa masuala ya fedha Martin Lewis alikuwa akigawa bure barua za mfano, mtu anajaza jina na namba ya mkopo na kuituma. Zikazuka pia kampuni za kudai kwa niaba ya watu, zilizokata robo au zaidi ya fidia kwa kazi ambayo mdai angeifanya mwenyewe, na zilizowasumbua watu kwa simu mchana na jioni mpaka Bunge likaweka ukomo wa asilimia 20 mwaka 2018. Mkopaji aliyebanwa anunue bima sasa alibanwa atoe sehemu ya fidia yake.

Benki zenyewe hazikuacha ukaidi kirahisi. Juni 2015 Lloyds ilitozwa faini ya pauni milioni 117 kwa jinsi ilivyoshughulikia malalamiko. Wafanyakazi wake waliosikiliza malalamiko walikuwa wameelekezwa waanze na imani kwamba utaratibu wa mauzo ulikuwa sahihi. Mlalamikaji alisikilizwa na mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba benki haina kosa.

Kesi iliyofunua hesabu ya ndani ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2014. Mlalamikaji alikuwa mjane, mhadhiri wa chuo, aliyekuwa na miaka 59 alipokopa pauni 34,000 kwa kampuni ya Paragon kupitia dalali. Mkopo ulikuwa wa miaka 10, bima ya miaka 5, na ada yake pauni 5,780. Katika fedha hizo dalali alichukua pauni 1,870, Paragon ikabaki na 2,280, na kampuni ya bima, ambayo ndiyo ingelipa mjane akipatwa na janga, ikapata 1,630. Asilimia 71.8 ya ada ilikuwa kamisheni, na mteja hakuambiwa. Mahakama ilisema kumficha mtu jambo kubwa kiasi hicho kuliufanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki. Uamuzi huo ulifungua mlango hata kwa watu ambao bima yao iliuzwa bila uongo wowote, kwa kuwa kamisheni ilifichwa.

Siku ya mwisho ya kudai ikawekwa kuwa 29 Agosti 2019, na mamlaka inayosimamia soko la fedha ikatangaza kwenye televisheni kwa kichwa bandia cha Arnold Schwarzenegger kikiwahimiza watu waamue haraka. Fidia ilizidi pauni bilioni 38. Lloyds peke yake ilibeba karibu bilioni 22.

Hoja ya kamisheni iliyofichwa haikuishia kwenye bima. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama hiyohiyo ya Juu, ikiamua kesi za mikopo ya magari, ilimpa ushindi mnunuzi mmoja kwa kifungu kilekile cha sheria kilichomwokoa mjane yule.

Huku Afrika Mashariki bima ya mkopo kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na mara nyingi ni sharti la benki, hukatwa kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Ni kinga halali, na familia nyingi zimenusurika nayo. Lakini unayekopa una haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: bima hii ni shilingi ngapi, inatozwa riba au la, haitalipa katika hali zipi, nikimaliza deni mapema narudishiwa nini, na katika fedha hizi benki inabaki na kiasi gani? Uliza, kisha omba majibu kwa maandishi.