Zambarau ya Tiro

Zambarau ya Tiro ni rangi ya nguo iliyotengenezwa zamani katika nchi za Mediteranea kutokana na konokono wa baharini. Jina lake linatokana na mji wa Tiro, Lebanoni. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Lidia wa Thiatira, mwuzaji wa zambarau katika Matendo ya Mitume. Katika amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301, ratili moja ya hariri ya zambarau iliwekewa kikomo cha dinari 150,000. Bei kama hiyo ilivutia waigaji, waliotia nguo nili kisha rangi nyekundu ya mizizi. Jicho haliwezi kutenganisha kazi yao na zambarau halisi, kemia inaweza.

Asili ya rangi

Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 wa aina ya Bolinus brandaris akapata gramu 1.4 tu za rangi safi. Kwa kazi hiyo ya subira kubwa alithibitisha kwamba molekuli yake ni ya nili iliyoongezewa atomu mbili za bromini. Nili ya mimea haina bromini hiyo. Konokono akiwa hai rangi yenyewe haijakamilika: ute wa tezi yake hubadilika hadi kuwa zambarau unapokutana na hewa na mwanga.

Uchunguzi wa masalia

Njia inayotegemewa zaidi ni kromatografia ya kimiminika. Kipande kidogo cha uzi huchovywa katika kiyeyushi cha moto, kisha mmumunyo husukumwa kwa shinikizo ndani ya mrija uliojazwa chembe laini. Kila kijenzi cha rangi hutoka kwa wakati wake na hutambuliwa kwa namna kinavyofyonza mwanga. Uwiano wa vijenzi hudokeza hata aina ya konokono: Hexaplex trunculus huwa na kiasi kikubwa cha nili yenye atomu moja ya bromini, ilhali katika Bolinus brandaris ile yenye atomu mbili ndiyo inayotawala. Ubaya wake ni kwamba uzi uliopimwa haurudi, hivyo makumbusho hutoa sampuli kwa uchache sana, na ni haki yao.

Mwaka 1985 Patrick McGovern na Rudolph Michel walieleza vipimo vya vigae kutoka Sarepta, Lebanoni, vya karne ya 13 KK. Madoa yake yalikuwa zambarau halisi. Ugunduzi wa kusisimua zaidi ulitangazwa mwaka 2021: vipande vya sufu iliyotiwa zambarau halisi kutoka machimbo ya shaba ya Timna, kusini mwa Israeli, vya takriban mwaka 1000 KK, vilivyohifadhiwa na ukame wa jangwa. Timna iko mbali na Mediteranea, kwa hiyo bidhaa hiyo ilisafirishwa, na waliovaa nguo hizo hawakuwa vibarua wa kawaida.

Matumizi ya sasa

Wamiksteki wachache wa Oaxaca, Meksiko, bado hukamua rangi kutoka kwa konokono wa Pasifiki wa jamii moja na wale wa Mediteranea, na kuwarudisha miambani wakiwa hai.