Mwenyeji alienda wapi? Historia fupi ya kulala kwa mtu usiyemjua

Ukimwambia mtu wa Nairobi leo kwamba ulilala "Airbnb", ataelewa jambo moja tu: ulipewa fleti nzima Kilimani au Kileleshwa, ufunguo ukauchukua kwa askari wa langoni, na mwenye nyumba hukumwona hata kivuli. Jikoni kuna sufuria mbili. Runinga iko ukutani. Neno la siri la Wi-Fi limebandikwa kando ya swichi. Hakuna anayeishi humo. Na jina hilo tunalitumia hata kwa nyumba ambazo hazijawahi kuingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, jinsi tulivyozoea kuita kila dawa ya meno Colgate.

Cha kushangaza, ndugu msomaji, ni kwamba jina hilo linasema kinyume kabisa. "Air" ni la godoro la kujazwa upepo, na "bnb" ni kifupi cha kitanda na kifungua kinywa. Yaani kuna mtu ndani ya nyumba: amekupulizia godoro usiku, na asubuhi atakukaangia yai. Leo nataka tumfuatilie mtu huyo tuone alienda wapi. Sisi tunaoandika programu tuna sababu ya ziada ya kumtafuta, kwa maana historia yake yote ni tatizo moja la data. Nitajuaje kwamba mtu huyu nisiyemjua hatanidhuru akilala chini ya paa langu? Na yeye atajuaje hivyo hivyo kunihusu mimi?

Tuanze kabla ya tarakilishi.

Mwaka 1936, mtaani Harlem jijini New York, mfanyakazi wa posta aitwaye Victor Hugo Green alichapisha kijitabu cha wasafiri weusi. Wamarekani weusi walikuwa wameanza kununua magari, lakini ukiendesha siku nzima na usiku ukuingilie, hoteli nyingi zilikufungia mlango kwa sababu ya rangi yako. Kitabu cha Green kiliorodhesha mahali pasipokufungia: hoteli, mikahawa, vinyozi, vituo vya petroli. Katika miji mingi hakukuwa na hoteli hata moja ya kuandika. Hapo utakuta anwani za nyumba za watu, na mara nyingi jina la mama mwenye nyumba. Unafika, unabisha, unalipa, unalala chumba cha ndani huku watoto wa mwenye nyumba wakilala chumba cha pili. Kijitabu kilitoka kwa takriban miaka 30.

Hiyo ilikuwa hifadhidata ya karatasi. Haikuwa na nyota wala picha. Imani ilitokana na jambo ambalo halikuhitaji kuandikwa: mgeni na mwenyeji wote wawili walikuwa wamefungiwa mlango na watu wale wale.

Mwaka 1964 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia na kuzikataza hoteli kubagua. Lakini ndani yake mna kifungu kidogo ambacho nakupenda ukikumbuke, kwa kuwa tutakirudia. Jengo lenye vyumba vya kukodisha visivyozidi 5, ambalo mwenyewe anaishi humo humo, halibanwi na katazo hilo. Wamarekani walikipa jina la kubuni, msamaha wa Bi. Murphy. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba mtu anamolala si hoteli, na serikali isimchagulie nani alale karibu naye.

Ulaya nako, wazo lile lile lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1949 Bob Luitweiler, Mmarekani aliyekataa kwenda vitani katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa Denmark. Yeye na wenzake waliona kwamba watu wakilala majumbani mwao kwa mwao, itakuwa vigumu kuwatuma wakauane. Chama chao kikaja kuitwa Servas, neno la Kiesperanto lenye maana ya "anatumikia". Hakuna pesa iliyolipwa kwa mwenyeji. Jinsi kilivyofanya kazi ni darasa zuri kwa mwanafunzi wa mifumo: kabla ya kusafiri, mwanachama wa kwenu alikufanyia mahojiano uso kwa uso. Ukipita, ulipewa barua ya utambulisho na orodha ya wenyeji. Ukifika ulionyesha barua, na kawaida ulikaribishwa usiku mbili. (Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe... wao walifikia hesabu ile ile bila kuwauliza wazee wetu.)

Tazama alipowekwa mlinzi wa mfumo huo. Hakuwa mlangoni kwa mwenyeji bali kule mgeni alikotoka, kwa mtu aliyekaa naye na kumtazama machoni. Ni mfumo salama, ila ni wa polepole mno. Walimu wa Ulaya walioanza kubadilishana nyumba wakati wa likizo kupitia Intervac mwaka 1953 walipata njia fupi zaidi: wewe uko kwangu, mimi niko kwako, kwa hiyo ukivunja sahani zangu ujue zako ziko mikononi mwangu. Nao wasemaji wa Kiesperanto, kwa kitabu chao Pasporta Servo kilichoanza 1974, walifanya lugha yenyewe kuwa nywila. Mtu aliyejitaabisha kujifunza lugha isiyo na nchi, walidhani, hakuja kuiba vijiko.

Kisha intaneti ikaja, na yule mhojaji akapoteza kazi.

Mjerumani Veit Kühne alifungua Hospitality Club mwaka 2000. Lakini hadithi tamu zaidi ni ya Casey Fenton, mwandishi wa programu kama sisi. Mwaka 1999 alipata tikiti ya bei nafuu kutoka Boston kwenda Iceland, na huko hakuwa na pa kulala. Alipata anwani za barua pepe za wanafunzi wapatao 1,500 wa Chuo Kikuu cha Iceland, akawaandikia wote akiomba kochi. Leo tungeita hiyo barua taka na kuizuia. Wakati ule watu wengi walimjibu wakimkaribisha. Kutokana na safari hiyo ikazaliwa CouchSurfing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2004.

Fenton na wenzake walilazimika kumjenga upya yule mhojaji wa Servas kwa msimbo. Waliweka marejeo: baada ya kukaa pamoja, mgeni anaandika kuhusu mwenyeji na mwenyeji anaandika kuhusu mgeni. Waliweka uhakiki wa anwani: unalipa kidogo kwa kadi, unatumiwa kadi ya posta yenye namba, unaiingiza kwenye tovuti. Na waliweka kitu nilichokipenda kuliko vyote, udhamini. Hukuruhusiwa kumdhamini mtu mpaka wewe mwenyewe uwe umedhaminiwa na watu 3. Ukichora hilo kwenye karatasi utapata mti ambao mizizi yake ni waanzilishi, na kila tawi limeshikwa na matawi 3 mengine. Baadaye kifaa hicho kiliondolewa, nami naona ilikuwa hasara.

Juni 2006 hifadhidata yao ikaanguka, na nakala za akiba zikakutwa na kasoro. (Wewe unayesoma hapa, lini mara ya mwisho ulijaribu kurudisha data kutoka kwa nakala yako, si kuihifadhi tu?) Sehemu kubwa ya data ilipotea moja kwa moja. Fenton aliwaandikia wanachama kwamba mradi umekwisha. Fikiria kilichopotea pale. Picha mtu hupakia tena, lakini marejeo yaliyoandikwa na mwenyeji wa miaka miwili iliyopita kuhusu mgeni aliyemwoshea vyombo hayarudi. Wanachama walikataa kuzika maiti hiyo. Wakajitolea, na tovuti ikainuka tena muda mfupi baadaye. Mwaka 2011 iligeuzwa kuwa kampuni ya faida na kuchukua dola milioni 7.6 za wawekezaji, jambo lililowaudhi wengi wa wale waliojitolea. Mei 2020, wakati wa korona, wanachama wakakuta mlango umewekewa ada.

Sasa tufike kwenye godoro. Oktoba 2007, San Francisco ilikuwa na mkutano wa wabunifu na hoteli zilijaa. Brian Chesky na Joe Gebbia, waliokuwa wakihangaika na kodi ya nyumba, walitandika magodoro 3 ya upepo sebuleni kwao, wakatengeneza tovuti nyepesi na kutoza dola 80 kwa usiku. Wageni 3 walikuja. Mwaka 2008 Nathan Blecharczyk, mwandishi wa programu, alijiunga nao. Tovuti ya mwanzo ilichukulia kwamba mwenyeji yupo na kifungua kinywa kipo. Pesa ziliingia, naam, lakini nyumba bado ilikuwa ya mtu anayeishi humo.

Halafu mwaka 2009 mpiga ngoma wa mwanamuziki Barry Manilow akaomba jambo dogo. Alikuwa anasafiri kikazi, je, angeweza kukodisha nyumba yake nzima bila yeye kuwepo? Mwanzoni Chesky hakutaka. Mwishowe kanuni ikaondolewa. Kwa mwandishi wa programu ni kazi ya alasiri moja: unaongeza safu kwenye jedwali, chumba au nyumba nzima. Sidhani kuna safu nyingi zilizowahi kubadilisha miji kama hiyo. Nyumba nzima isiyo na mwenyewe inaweza kukodishwa usiku zote 365, na mtu anaweza kuwa nayo moja, tano au hamsini.

Hatari nayo ilihama. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa San Francisco alirudi safarini akakuta wageni wamevunja na kupekua nyumba yake yote. Kampuni ilijibu kwa dhamana ya dola 50,000, na mwaka uliofuata ikaipandisha hadi dola milioni 1. Palipokuwa na jicho la mwenyeji pakawekwa bima, na pale penye mahojiano pakawekwa nyota.

Nyota zenyewe zina shida yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walionyesha mwaka 2015 kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba za Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota 4.5 au 5. Data ambayo kila mtu amepata alama ya juu haikusaidii sana kuchagua. Ukikutana na mtu, ukala naye, ni vigumu kumpa nyota mbili. Kampuni ilijaribu kurekebisha mwaka 2014 kwa kuficha maoni ya kila upande mpaka wote wawili wawe wameandika, au muda uishe.

Nyota zisipotofautisha watu, mwenyeji hutazama nini? Hutazama jina na picha. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard, Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky, walituma maombi kwa wenyeji wapatao 6,400 katika miji 5 ya Marekani. Wageni wote wa kubuni walikuwa sawa isipokuwa majina. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 16. Na hapa ndipo ninapomkumbuka Bi. Murphy. Ubaguzi huo ulionekana kwa mwenyeji anayelala chumba cha pili, na ukaonekana vile vile kwa mwenye nyumba nyingi asiyekanyaga humo. Ile hoja ya 1964 kwamba "atalala karibu nami" haikueleza chochote. Miaka 50 baada ya kitabu cha Green kukosa kazi, safu mbili za hifadhidata zilikuwa zimekirudishia kazi yake. Mwaka 2018 kampuni iliamua mwenyeji asione picha ya mgeni mpaka awe amekubali. Mwaka 2022, kwa wageni wakazi wa jimbo la Oregon, iliwafichia wenyeji jina pia, wakaona herufi ya kwanza tu mpaka wakubali. Ni suluhisho zuri kwa mgeni anayekataliwa kwa sababu ya rangi, ila tusisahau kwamba jina na picha viliwekwa pale ili watu wasiojuana waaminiane.

Turudi Nairobi. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa jijini, kila mmoja kwa tukio lake, katika nyumba za kukodishwa kwa siku. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake. Wauaji ndio wenye hatia, na mauaji ya wanawake hayakuanzia kwenye fleti. Hata hivyo, mtu anayejenga mifumo hii hawezi kulipita jambo hili: katika nyumba inayokaliwa, usiku, kuna mtu wa tatu anayesikia kelele. Serikali iliagiza nyumba hizo zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Usajili utakuambia nyumba ni ya nani. Hautaweka mtu chumba cha pili.

Wenyeji wanaoishi katika nyumba zao hawajaisha, wamehamia kando tu. BeWelcome, iliyoanzishwa 2007 na watu waliotoka Hospitality Club, bado ni ya kujitolea na bila ada. Couchers ilianzishwa 2020 na watumiaji wa CouchSurfing waliokasirishwa na ule mlango wa ada. Zote mbili ni programu huria. Kama una jioni moja ya bure na stima ipo, pakua msimbo wa mojawapo, ruka kurasa za kuingilia, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la marejeo, uone mtu anaulizwa maswali gani asubuhi baada ya kulala kwa mtu asiyemjua.