Skripti ya kunakili folda kutoka diski moja hadi nyingine

ASUMBI, katika Kaunti ya Homa Bay, ni kituo cha elimu kilichokua kutokana na misheni ya Kikatoliki. Pana chuo cha walimu na shule ya upili ya wasichana. Katika taasisi za aina hii, alama za mitihani, orodha za wanafunzi na hesabu za karo huwekwa kwenye kompyuta. Diski ikiharibika, kazi ya miaka mingi inaweza kupotea.

Kinga ni nakala katika diski ya pili. Anayenakili kwa mkono husahau. Skripti, yaani faili fupi ya amri zinazotekelezwa na kompyuta kwa mpangilio, inaweza kupangiwa saa yake kila siku.

Windows ina programu ya Robocopy tangu toleo la Vista, lililoanza kuuzwa kwa umma mwaka wa 2007. Amri ifuatayo huandikwa katika Notepad, na faili kupewa jina linaloishia kwa .bat:

robocopy D:\Alama E:\Nakala /E /R:2 /W:5

Herufi D na E husimama badala ya diski mbili, nazo hubadilishwa kulingana na kompyuta inayotumika. /E huchukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. /R:2 na /W:5 huamuru kwamba faili inayokataa kunakiliwa ijaribiwe tena mara mbili, kila baada ya sekunde tano. Pasipo agizo hilo, Robocopy hujaribu mara milioni moja. Faili ambazo hazijabadilika hurukwa, hivyo kazi ya siku ya pili huwa fupi.

Hatari imo katika /MIR. Agizo hili hufuta kwenye nakala kila faili isiyopatikana katika folda ya asili. Karani akifuta alama kimakosa, skripti nayo huzifuta katika nakala. Katika Linux, programu ya rsync, iliyotolewa mwaka wa 1996, hufanya vivyo hivyo ikipewa --delete. Kuongeza /L kwenye amri ya Robocopy huonyesha kitakachotendeka bila kugusa faili yoyote.

Hata /E huandika faili iliyobadilishwa juu ya ile ya zamani, ijapokuwa mpya ina makosa. Kwa hivyo inafaa diski mbili za nakala zitumiwe kwa zamu, moja ikiwa imechomolewa na kufungiwa mbali na kompyuta. Kisha, mara kwa mara, faili kadhaa zifunguliwe kutoka kwenye nakala hizo. Nakala isiyofunguka si nakala.