Barieri Ikifunguliwa, Watu Hukuta Nini?

Sisi wa Goma, Bukavu na Uvira tunajua barieri ni nini. Tunajua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Tunajua pia uchungu wa kufiwa na jamaa ng'ambo siku ambayo njia imefungwa. Ndiyo maana tunawaza kwamba mpaka ukifunguliwa tu, mambo yote yatarudi kama zamani. Lakini je, ni kweli? Kuna kijiji kimoja, mbali sana na sisi, ambacho historia yake inajibu swali hilo. Kinaitwa Sarpi. Kiko kando ya Bahari Nyeusi, kusini mwa mji wa Batumi, pale nchi ya Georgia inapopakana na Uturuki.

Wenyeji wa Sarpi ni Walazi. Wana lugha yao, Kilazi, iliyo ndugu ya Kigeorgia, na kwa karne nyingi walikuwa Waislamu. Mwaka 1921 serikali ya Uturuki na Wabolsheviki wa Urusi walipatana juu ya mpaka, kwanza Moscow mwezi wa tatu, kisha Kars mwezi wa kumi. Mstari ukapita kwenye kijito kilicho katikati ya kijiji. Nusu ya watu wakawa upande wa Wasovieti, nusu upande wa Uturuki. Jambo hilo si geni kwetu. Mpaka wetu na Rwanda na Uganda nao ulikatwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza katika mapatano ya mwaka 1910, na babu zetu hawakuitwa mezani.

Mwanzoni watu wa Sarpi waliweza bado kuvuka kwa kibali. Lakini katika miaka ya 1930, wakati wa Stalin, njia ilizibwa kabisa. Uturuki ilipoingia NATO mwaka 1952, kijito kile kikawa mpaka wa Vita Baridi, chenye nyaya na askari. Wazee wamesimulia kwamba hata kunyoosha kidole kuelekea ng'ambo kulikatazwa. Mtu akifa, wamama waliomboleza kwa Kilazi kwa sauti kubwa, na ndani ya maombolezo walitia jina la marehemu na habari za ukoo, ili jamaa wa upande wa pili wasikie.

Tarehe 31 Agosti 1988 barieri ilifunguliwa. Jamaa waliotengana kwa nusu karne walikutana tena, wakalia, wakala pamoja.

Halafu shida ikaanza. Upande wa Georgia, watoto walikuwa wamesoma katika shule za Kisovieti, ambako walifundishwa kwamba hakuna Mungu. Kwao mgeni hupokewa kwa divai. Upande wa Uturuki, watoto walikuwa wamesoma kwa Kituruki na kukua karibu na msikiti, na divai mbele ya wazee ilikuwa aibu. Baada ya mwaka 1991 watu wengi wa upande wa Georgia walibatizwa. Wao waliona ni kurudia imani ya mababu wa zamani sana. Jamaa zao wa Uturuki waliona ni kuacha ukoo.

Mtafiti Mathijs Pelkmans, aliyeishi katika eneo hilo na kuandika kitabu juu yake mwaka 2006, alionyesha jambo la kushangaza: kufunguliwa kwa mpaka kuliwafanya watu wazione tofauti zao kuliko wakati ulipofungwa. Hilo linaeleweka. Njia ilipozibwa, kila mtu alimkumbuka ndugu yake kama alivyokuwa siku ya kuachana. Ilipofunguka, alimkuta mtu mwingine, aliyelelewa na nchi nyingine.

Umaskini nao uliongeza uzito. Dola ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991, Georgia ikaingia vitani, pesa yake ikapoteza thamani. Watu wengi walivuka kupitia Sarpi wakiwa na vyombo vya nyumba zao ili kuviuza katika miji kama Hopa na Trabzon. Huko masoko yao yaliitwa masoko ya Warusi, hata kama muuzaji hakuwa Mrusi. Wanawake walibandikwa jina moja, Nataşa, maana yake malaya. Ni kweli, wako waliosukumwa na njaa hadi huko. Lakini jina lilimwangukia kila mwanamke aliyetoka ng'ambo, hata mama aliyekuja kuuza sahani zake apate mkate wa watoto.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 2006 viza iliondolewa, na tangu mwisho wa mwaka 2011 kitambulisho tu kilitosha kuvuka. Watu wa Georgia walienda kuchuma majani ya chai Uturuki, na wafanyabiashara wa Uturuki wakafungua maduka Batumi. Uhusiano mpya ukazaliwa, na huo haukutoka katika damu. Ulitoka katika kazi, katika deni lililolipwa, katika maneno machache ya lugha ya mwenzako. Mwaka 2020 korona ilifunga Sarpi, kama ilivyofunga barieri zetu, na pande zote mbili ziliona hasara.

Serikali inaweza kufungua barieri kwa siku moja. Kujuana tena huchukua miaka, na kazi hiyo ni yetu, hakuna askari wala waziri atakayetufanyia. Tuangalie basi ni jina gani tunampa mama anayevuka asubuhi na mzigo kichwani. Na jamaa akitufikia baada ya miaka mingi, kabla ya kumwambia kwamba amebadilika, tumuulize kwanza amepitia nini.