Neno la biti 4

Kwa wabunifu wa prosesa, neno ni fungu la biti ambalo chipu hulikokotoa kwa mkupuo mmoja. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na neno la biti 4 tu. Chipu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani, na biti 4 hutoa thamani 16: zinatosha kubeba tarakimu yoyote, 0 hadi 9. Uamuzi wa busara kweli, kwani transista zilikuwa 2,300 hivi. Tatizo lilikuwa anwani. Anwani ya programu ilihitaji biti 12, hivyo ilipitishwa vipande vitatu, kimoja baada ya kingine. Anayebuni chipu ndogo, namsihi apime anwani kwanza.