Ukishampa Mtu Ufunguo wa Shangingi

Semista imebana, testi zimejipanga kama daladala za Mwenge asubuhi, lakini hii mada imenikaa kichwani wiki nzima, acha niitoe.

Si mnaijua ile huduma ya kwenye hoteli kubwa na kumbi za harusi? Unafika mlangoni na gari, kijana aliyevaa kizibao anakufungulia, unampa ufunguo, anakupa kikaratasi chenye namba, halafu anaondoka na gari lako kwenda kulipaki unakokujua wewe si wewe. Wamarekani wanaita valet, mimi hapa nitasema tu kuegeshewa gari. Sasa geuza kile kikaratasi. Nyuma yake kuna maandishi ya chawa: gari limeegeshwa kwa hatari ya mwenye gari. Yaani likiibiwa, pole yako.

Ubishi wetu bwenini ulikuwa hapo. Wengi walisema ukishapokea karatasi umekubali, basi. Mimi nasoma historia, sheria nawaachia wenyewe wa kule kwenye kitivo chao, lakini kazi ya mtu wa historia ni kuuliza jambo lilianza lini na lilikuwa linamlinda nani. Nikaanza kufukua. Kumbe ubishi huu ni wa zamani kuliko gari lenyewe!

Roma ya kale hakukuwa na Range Rover, kulikuwa na farasi. Msafiri anafika usiku, amechoka, anamkabidhi mtu wa zizi mnyama ambaye ndiye mali yake kubwa kuliko zote, anakwenda kulala. Hakimu wa Kirumi, yule waliyemwita praetor, alitoa amri kuhusu watu wa aina tatu: wenye meli, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi. Walichokipokea lazima wakirudishe salama, la sivyo wanashitakiwa. Amri hiyo imo kwenye Digesta, ule mkusanyiko wa sheria wa mfalme Justinian wa mwaka 533. Na mwanasheria Ulpian ameeleza sababu bila kupamba: msafiri hana namna ila kuwaamini watu hawa, na wasipobanwa wataweza kula njama na wezi. Mnaona? Hofu ni ileile. Mtu wa zizi na mwizi wanajuana, wewe mgeni humjui yeyote.

Waingereza nao wakaja na la kwao. Mwaka 1584 kulikuwa na kesi iitwayo Calye's Case, ya farasi wa mgeni aliyeibiwa malishoni. Majaji wakasema mwenye nyumba ya wageni anawajibika kwa mali ya mgeni iliyomo ndani ya eneo lake. Ila mgeni mwenyewe akisema farasi wangu mpelekeni malishoni, akaibiwa huko, mwenye nyumba halipi. Lakini mwenye nyumba akijiamulia tu kumpeleka malishoni bila kuagizwa, analipa. Mimi hiyo nimeipenda sana. Badilisha farasi weka gari, badilisha malisho weka uwanja wa mtaa wa pili ambako vijana wanapaki magari yakizidi. Miaka zaidi ya 400 iliyopita walishaiona hiyo!

Halafu 1703 ikaja kesi ya mapipa ya brandi, Coggs na Bernard. Bernard alijitolea kuhamisha mapipa kutoka stoo moja kwenda nyingine, bure kabisa. Pipa likapasuka kwa uzembe, kinywaji kikamwagika. Akashitakiwa, akashindwa. Jaji Holt akatumia nafasi hiyo kuzipanga amana katika mafungu sita, akiazima sana kutoka kwa Warumi. Somo la kesi ile kwa mada yetu ni moja tu, kwamba hata aliyefanya kazi bila malipo, akishakishika kitu chako mkononi ana wajibu nacho. Nimetumia neno amana makusudi. Watu wa pwani tunalo hili neno siku nyingi, na fiqhi ya Kiislamu ina mlango wake mzima juu ya amana. Pale aliyewekewa halipi kitu kikipotea kwa bahati mbaya, analipa akizembea au akikitumia bila idhini. Kwa hiyo kijana akichukua shangingi lako kwenda kumwonyesha demu wake Coco Beach, hata bibi yangu angetoa hukumu.

Huduma yenyewe ya kuegeshewa gari kama tunavyoijua ni ya Los Angeles. Mji ule ulijengwa ukitegemea magari, migahawa ikajaa, nafasi ya kupaki ikawa dhahabu. Anayetajwa sana ni Herb Citrin, aliyeanzisha kampuni yake ya kuegesha magari ya wateja mwaka 1946, na mgahawa wa Lawry's kule La Cienega ukawa miongoni mwa wateja wake. Hapo ndipo zizi la Warumi lilipozaliwa upya. Mtu anashuka kwenye gari la bei mbaya na kulikabidhi kwa kijana asiyemjua hata jina, kwa sababu ana njaa na amechelewa.

Hollywood nao wakaigeuza hofu hiyo kichekesho. Kuna filamu ya 1986, Ferris Bueller's Day Off, ambayo vijana wanaacha Ferrari 250 GT California ya baba wa mmoja wao kwenye gereji ya kupaki Chicago, na wale wapakiaji wanatoka nayo mbio wanakula upepo. (Msilie, zilizotumika kuigiza zilikuwa za kuiga. Za kweli zilitengenezwa takriban 100 tu, na moja iliuzwa mnadani Paris mwaka 2015 kwa zaidi ya yuro milioni 16.)

Turudi mahakamani, maana uhondo uko huko. Karne ya 20 majaji wa Uingereza walikuwa wanahangaika na swali moja: umekabidhi gari, au umelipia nafasi tu? Mwaka 1937 jamaa mmoja aliacha gari kwenye uwanja wa kupaki Southend, akalipa shilingi moja, akapewa tiketi. Aliporudi gari hakuna. Mhudumu akamwambia, ati rafiki yako amekuja kulichukua! Rafiki gani? Mwizi, na wala hakuwa na tiketi. Kesi hiyo, Ashby na Tolhurst, jamaa alishindwa. Mahakama ikasema hakukabidhi gari kwa mtu yeyote, alilipia ruhusa ya kuliacha pale. Inauma, lakini mantiki yake inaeleweka. Mwenye uwanja amekukodishia kipande cha ardhi, hakuchukua gari.

Sasa linganisha na kesi ya Mendelssohn na Normand ya mwaka 1969. Huyu alifika gereji ya London na Rolls-Royce ya rafiki yake, nyuma kuna sanduku lenye vito. Akataka kufunga milango, mhudumu akakataa, utaratibu hauruhusu kwa sababu magari yanasogezwasogezwa. Akamweleza kuhusu sanduku, mhudumu akaahidi kwamba akishalisogeza atalifunga. Sanduku likapotea. Wenye gereji wakatoa tiketi yao yenye maandishi kwamba hawahusiki na upotevu. Lord Denning hakudanganyika: mtu wako ametoa ahadi kwa mdomo, mteja akamwamini, huwezi kujificha nyuma ya karatasi inayopingana na ahadi hiyo. Wenye gereji wakalipa.

Umeona tofauti? Southend gari lilikuwa limeachwa uwanjani. London mhudumu ndiye aliyekuwa bwana wa gari, analisogeza anavyotaka, mwenyewe hata kulifunga haruhusiwi. Mali ikishahama mikononi, mzigo nao unahama.

(Wakati huohuo wenye hoteli za Uingereza walikuwa wameshajipigania bungeni. Sheria yao ya mwaka 1956 ilisema mwenye hoteli hawajibiki tena kwa ile sheria kali ya wageni pale inapohusu magari, vitu vilivyomo ndani yake, na hata farasi! Zizi likafutwa rasmi. Wajibu wa aliyekabidhiwa kwa amana ukabaki palepale.)

Kesi iliyonikosesha usingizi hasa ni ya Delhi. Usiku wa tarehe 1 Agosti 1998 mgeni alifika Taj Mahal Hotel na Maruti Zen yake, akampa ufunguo kijana wa hoteli, akapewa kikaratasi, akaingia ndani. Alipotoka kwenye saa saba usiku akaambiwa gari lako limeshachukuliwa. Ilivyokuwa ni hivi: vijana watatu walikuja na gari lao wenyewe, wakaliacha lipakiwe kama wateja wa kawaida. Baadaye wakatoka, wakaagiza gari lao liletwe. Katika pilikapilika hizo mmoja wao akachukua ufunguo wa ile Zen pale mezani, akaenda kulichukua. Mlinzi alipomdai kikaratasi, akakanyaga mafuta, kwaheri.

Bima ilimlipa mwenye gari rupia 280,000, halafu bima pamoja na mwenye gari wakaidai hoteli. Hoteli ikajitetea. Kwanza, kikaratasi kinasema ni kwa hatari ya mwenye gari. Pili, huduma ni ya bure. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama Kuu kabisa ya India, ikatolewa hukumu Novemba 2019. Miaka 21 kwa gari dogo kama Vitz! Hoteli ikashindwa. Majaji walisema ukimpa mhudumu ufunguo umeweka amana. Ukishaonyesha kwamba ulikabidhi na hukurudishiwa, ni juu ya hoteli kueleza kwamba haikuzembea, na maandishi ya kwenye kikaratasi hayaiokoi hoteli na uzembe wake yenyewe. Na hilo la bure? Gharama yake imo kwenye bei ya chumba na chakula. Wale mnaokunywa soda za hotelini mnajua jaji alikuwa anaongea nini.

Mtaniuliza, Delhi na Bongo wapi na wapi? Hapo ndipo historia inaponoga. Waingereza walipotawala huku hawakujisumbua kutunga kila kitu, walibeba sheria walizokwisha kutunga kwa ajili ya India. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Kenya na Tanganyika pia. Mwaka 1961 njia zikaachana. Kenya ikaiweka kando na kufuata mikataba ya Kiingereza, kwa hiyo wakili wa Nairobi atakwenda na kina Ashby na Mendelssohn. Tanganyika ikatunga ya kwake mwaka huohuo, lakini kwa kunakili ile ya India karibu neno kwa neno. Ndiyo tunayoitumia hadi leo, Sura ya 345. Hukumu ya Delhi haimfungi jaji wa Dar es Salaam, ila imefasiri maneno ambayo na sisi tunayo kwenye kitabu chetu.

Na ndani ya maneno hayo kuna kitu ambacho wenye magari ghali wangepaswa kukikariri. Sheria inamtaka aliyepewa amana aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo na ya THAMANI hiyo. Thamani! Kwa hiyo ufunguo wa shangingi la milioni mia mbili ukining'inizwa kwenye msumari ubaoni pamoja na funguo za kina Starlet, nadhani hoteli itakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Lakini mwenye gari naye asilale. Sheria hii inahusu alichokabidhi. Kama kuna laptopu na bahasha ya hela chini ya siti na hukumwambia mtu, utathibitishaje kwamba uliviweka amana? Mendelssohn alipona kwa sababu alifungua mdomo.

Nina mshkaji hapa bwenini ambaye wikendi anapaki magari kwenye ukumbi mmoja wa harusi, jina la ukumbi tuliache. Nilipomsomea haya alicheka tu. Kisheria uzembe wa mtumishi analipa mwajiri, lakini yeye akikwaruza bampa anakatwa kwenye posho yake, na posho yenyewe haifiki bei ya taa moja ya Range. Kwa hiyo amejiwekea utaratibu wake: kabla hajakaa kwenye usukani anazunguka gari lote na mwenyewe akiwepo, anaonyesha kila mkwaruzo, anapiga picha ya dashibodi yenye kilomita. Wakubwa wengine wanakasirika, wanaona anawachelewesha. Wengine wanampa buku tano za ziada.

Watengenezaji wa magari nao wameshajua kwamba karatasi haitoshi. Zamani ulipewa ufunguo wa pili usiofungua buti, ndio wa kumpa mpakiaji. Chevrolet wakaja na Corvette ya 2015 yenye kamera ya kumrekodi anayeliendesha mwenyewe akiwa ndani anakula. Kabla hata hawajafurahia, Septemba 2014 kampuni ikabidi iwaonye wateja wasiitumie, kwa sababu majimbo mengine ya Marekani yanakataza kurekodi sauti ya mtu bila ridhaa yake. Nilipomwambia mshkaji wangu hiyo, akauliza swali moja tu: je, hiyo kamera inarekodi na mkwaruzo aliokuja nao mwenyewe?

Haya, wanasheria wa Mlimani, uwanja ni wenu. Kesho nina testi saa mbili asubuhi.